Samaki wa Kidimbwini

Watoto, ninyi nyote mmekula samaki wa baharini, hata kama bahari yenyewe hamjaiona. Makayabu anayeuzwa sokoni, yule aliyekaushwa kwa chumvi, hakuvuliwa katika Ziwa Edward wala katika mto Semuliki. Ametoka baharini. Tena malori yanayopita mpaka wa Kasindi kuja Beni na Butembo, mengi yao yamepakia mizigo Mombasa, mji wa bandari ulio kando ya Bahari ya Hindi. Kutoka Bungulu mpaka Mombasa, kama ndege angeruka bila kupinda, ni zaidi ya kilomita 1,200. Nchi yetu nayo ina pwani yake, kule Muanda na Banana, kando ya Bahari ya Atlantiki. Lakini pwani hiyo ni fupi, kama kilomita 40 tu, na kutoka kwetu ni mbali kuliko Mombasa: karibu kilomita 2,000. Basi leo tutageukia upande wa jua linapotoka.

Somo letu si habari ya samaki wakubwa. Papa amekwisha kusifiwa vya kutosha, na nyangumi pia, ambaye kwa kweli si samaki. Sisi tutamtafuta samaki aliye na urefu wa kidole, asiyeuzwa sokoni, ambaye watu hupita juu yake kila siku bila kumwona.

Kwanza hamna budi kujua jambo moja juu ya bahari. Mmesikia habari za Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward. Labda wengine wenu mmefika. Mvuvi wa huko akivuta mtumbwi wake ukingoni asubuhi, jioni atakuta maji yako pale pale yalipokuwa. Upepo huleta mawimbi, na mvua za mwaka huinua ziwa kidogo, lakini maji hayaendi na kurudi kila siku. Bahari si hivyo. Maji ya bahari hupanda kwa muda wa saa sita na zaidi kidogo, kisha hushuka kwa muda kama huo, halafu hupanda tena. Watu wa pwani husema: maji yamejaa, maji yamekupwa. Tangu maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Kwa sababu hiyo, kila siku saa ya kujaa huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mvuvi wa Mombasa huijua hesabu hiyo kama ninyi mnavyoijua saa ya kengele ya shule.

Anayevuta maji hayo ni mwezi, na jua humsaidia. Mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, mwezi na jua huvuta pamoja. Hapo maji hupanda sana na kushuka sana, na watu huyaita bamvua. Wakati wa bamvua, huko Mombasa na Unguja, tofauti ya maji ya juu na maji ya chini huweza kufika karibu mita 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wazima wawili mmoja juu ya mwingine. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Labda mmoja wenu atauliza: «Mwalimu, mbona mwezi hauvuti ziwa letu?» Unalivuta, mwanangu. Lakini ziwa ni dogo mno mbele ya bahari, na maji yake hayana mahali pengine pa kutoka wala pa kwenda. Kuinuka kwake ni kidogo hata macho hayawezi kukuona.

Sasa tuingie ufuoni. Pwani ya Kenya na ya Tanzania mahali pengi ni mwamba wa matumbawe. Matumbawe ni magumu kama jiwe, nayo yalijengwa na vinyama vidogo sana vya baharini, vizazi juu ya vizazi. Ukienda Kanamai, kaskazini ya Mombasa, au Tiwi, upande wa kusini, utaukuta mwamba huo umejaa mashimo, nyufa na mabonde madogo. Maji yakijaa, huoni kitu isipokuwa bahari. Maji yakikupwa, mwamba hutokea, na katika kila shimo hubaki maji kidogo. Shimo moja ni dogo kama sahani, lingine kama karai, lingine lingeweza kuoshea mtoto. Hivyo ndivyo vidimbwi vyetu.

Inama ukitazame kimoja. Unaona nini? Mawe, mchanga, mwani wa kijani, konokono, labda kaa mdogo anayejificha. Samaki? Hakuna. Chukua kijiti, ukitie majini polepole, uguse kando ya lile jiwe dogo lenye madoa. Jiwe limekimbia! Limepita upesi kama mshale, limesimama tena mahali pengine, na sasa hulioni tena.

Huyo ndiye samaki tunayemtafuta. Katika vidimbwi vya Bahari ya Hindi wako wa namna nyingi, lakini tumwangalie mmoja, wa jamaa ambayo wataalamu huiita Bathygobius. Kichwa chake ni kipana, na macho yake yamekaa juu, kama macho ya chura. Mwili ni wa kahawia au kijivu, wenye madoa na mabaka yasiyo na mpango. Mapezi yake mawili ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe kidogo, na kwa kikombe hicho hujishika juu ya jiwe mawimbi yanapopiga. Mapezi ya ubavuni yana nyuzi nyembamba upande wa juu, kama kitambaa kilichofumuka. Si samaki mzuri wa kutazama. Mimi nasema ni mzuri, lakini najua wengi wenu mtakataa.

Sasa fikirini maisha ya kidimbwini. Maji yamekupwa, mlango umefungwa, na samaki amebaki katika bakuli la mawe kwa saa nyingi. Jua la adhuhuri linapiga, na maji yanapata moto. Kidimbwi cha kina kifupi huweza kupita digrii 35. Maji yakipungua kwa joto, chumvi inayobaki huzidi ukali. Mvua kubwa ikinyesha, mambo hugeuka: maji matamu humwagika ndani na chumvi hupungua ghafula. Mchana mwani hutoa hewa ambayo samaki huihitaji. Lakini maji yakikupwa usiku, mwani nao huitumia hewa hiyo pamoja na wanyama wote waliomo, na samaki hubanwa pumzi. Samaki wengi wa bahari kuu wakitiwa humo watakufa. Huyu hustahimili.

Lakini joto si adui yake mkubwa. Juu ya mwamba anatembea yangeyange wa pwani, mwenye shingo ndefu na mdomo kama mkuki. Anakwenda hatua moja, anasimama, anatazama ndani ya kidimbwi. Samaki hana mahali pa kukimbilia. Maji ni ya kina cha kiganja, nayo ni meupe kama kioo. Afanye nini?

Anakuwa jiwe.

Wengi wenu mtasema: «Kama kinyonga!» Ngojeni kidogo. Kinyonga, ambaye watu wengi humwogopa bure, hubadili rangi zaidi kwa ajili ya hasira, woga, joto na baridi, na kwa kusemezana na kinyonga mwenziwe. Si kweli kwamba ukimweka juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu. Samaki wetu wa kidimbwini, katika jambo hili la kufanana na mahali alipo, humshinda kinyonga.

Mwaka 2014 mtaalamu Martin Stevens wa Chuo Kikuu cha Exeter, huko Uingereza, alitangaza pamoja na wenzake jaribio walilofanya. Walichukua samaki wadogo wa vidimbwi vya nchi yao, ndugu wa hawa wetu. Waliwaweka juu ya sakafu nyeusi, kisha juu ya sakafu nyeupe, wakawapiga picha na kupima rangi zao. Juu ya nyeusi samaki waliiva rangi wakawa weusi-weusi. Juu ya nyeupe walipauka. Waliwajaribu pia juu ya nyekundu na buluu, na hapo nako ngozi zao zilibadilika. Na muda uliohitajiwa? Dakika moja tu. Katika dakika moja, ninyi hamjamaliza kufunga kamba za viatu.

Jambo hilo hufanyikaje? Si uchawi. Katika ngozi ya samaki mna chembe hai nyingi sana, ndogo hata huwezi kuziona bila chombo cha kukuzia. Ndani ya kila chembe mna punje za rangi. Fikirini uwanja wa shule yetu wakati wa mapumziko, na watoto wote wamevaa buluu. Mkuu wa shule akiwaita wakusanyike katikati, wakabanana pamoja, mtu anayetazama toka mlimani ataona mchanga mtupu na doa moja la buluu. Wakitawanyika uwanja mzima, ataona uwanja wa buluu. Watoto ni wale wale, hakuna aliyeongezeka. Ndivyo zilivyo punje za rangi: zikikusanyika katikati ya chembe zao, samaki hupauka, zikitawanyika, samaki huiva rangi.

Na ni nani anayepiga kengele ya kuwakusanya? Ni macho. Samaki hawezi kuona mgongo wake mwenyewe, lakini huona mwangaza unaotoka juu na mwangaza unaorudishwa na mchanga ulio chini yake, na ubongo wake hutoa amri kwa ngozi. Katika miaka ya 1870 Mfaransa mmoja, Georges Pouchet, alilichunguza jambo hilo kwa samaki bapa, wale wanaolala ubavu juu ya mchanga wa bahari. Aliona kwamba samaki aliyepofuka hakuweza tena kujifananisha na mchanga.

Lakini msidhani kwamba samaki wa kidimbwini anaweza kuwa na rangi yoyote apendayo. Rangi zake ni zile za nyumbani kwake: kahawia, kijivu, weusi, unjano wa mchanga. Umtoe ukamweke juu ya sahani ya maua, ataonekana mara moja. Tena mabaka yake yana kazi yao. Yangeyange hatafuti rangi tu, anatafuta umbo la samaki: kichwa, mgongo, mkia. Mabaka meusi na meupe hulivunja umbo hilo vipande vipande, na jicho likaona vijiwe vitano mahali pa samaki mmoja.

Na rangi peke yake haitoshi. Jiwe halitembei. Samaki akitikisa mkia wakati ndege anatazama, rangi zote ni bure. Kwa hiyo hukimbia kidogo, kisha husimama kimya kabisa. Hukimbia tena, husimama. Ukimwangalia kwa saa nzima, utaona kwamba kazi yake kubwa ni kutokufanya kitu, na hiyo ni kazi ngumu; kila mtoto aliyewahi kucheza kujificha anaijua.

Sasa sikilizeni, maana hapa habari yenyewe inageuka. Yuko adui mwingine ambaye hamtafuti kwa macho peke yake. Ni pweza. Pweza ana mikono minane, na juu ya mikono hiyo mna vikombe vya kunyonyea vinavyogusa na kuonja kila kitu. Huingiza mkono katika ufa, akapapasa chini ya jiwe, akapapasa nyuma ya jiwe. Macho ya yangeyange hudanganyika. Mkono wa pweza hauulizi rangi. Akija pweza, au kidimbwi kikianza kukauka, kukaa kimya ni kufa. Hapo samaki wetu hufanya jambo la pili: huruka nje.

Huruka juu ya mwamba mkavu, akaangukia kidimbwi cha pili. Kutoka hicho pengine huruka tena mpaka cha tatu. Fikirini hatari yake. Yuko majini, chini ya ukingo wa shimo, na kidimbwi cha jirani hakioni. Akikosea upande ataanguka juu ya mwamba wenye moto, chini ya jua, mbele ya ndege. Mbona hakosei?

Aliyelichunguza swali hili ni Lester Aronson, Mmarekani wa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya New York. Alikwenda Bimini, katika visiwa vya Bahama, akamwangalia samaki aitwaye Bathygobius soporator, wa jamaa ile ile ya samaki wetu. Mwaka 1951 aliandika aliyoyaona. Alimsumbua samaki kwa kijiti mpaka akaruka, naye akaona kwamba samaki hakuruka ovyo. Alijielekeza kwanza, akaruka, akaangukia majini. Watu waliweza kusema: labda alibahatisha. Basi Aronson alitengeneza vidimbwi vya kuigiza, akaweka samaki ambao hawajapata kuviona. Hao wakisumbuliwa, wengi walikataa kuruka, au waliruka vibaya. Kisha akajaza maji mpaka juu, kama bahari inapojaa, akawaacha samaki waogelee juu ya vidimbwi vyote. Akapunguza maji, akawasumbua tena. Sasa karibu wote waliruka sawasawa!

Mmeelewa? Maji yanapojaa, sisi tunadhani samaki anatembea tu kutafuta chakula. Kumbe anasoma. Anapita juu ya mashimo na kushika moyoni: hapa pana bonde, pale pana ukuta, nyuma ya jiwe lile pana shimo lenye kina. Maji yanapokupwa na milango kufungwa, anao ujuzi huo kichwani. Ni kama ninyi usiku umeme unapokatika: mtoto wa nyumba hufika mlangoni bila taa, mgeni hujigonga kwenye meza. Tena Aronson aliona, katika maandiko aliyotoa mwaka 1971, kwamba samaki waliotolewa vidimbwini wakarudishwa baada ya siku 40 bado walikumbuka njia. Jiulizeni kama ninyi mngekumbuka hesabu za siku 40 zilizopita.

Huko Australia wataalamu wawili, Gemma White na Culum Brown, waliendelea na kazi hiyo. Waliwatoa samaki wa Bathygobius katika vidimbwi vyao, wakawapeleka mbali kidogo, na wengi wakarudi kwao. Walipoupima ubongo wa samaki hao, waliona kwamba sehemu yake ya mbele ni kubwa zaidi kuliko ile ya ndugu zao wanaokaa mchangani, mahali pasipo na mashimo ya kukariri.

Vidimbwini mna majirani wengine, lakini hao tutawapita upesi. Wako samaki wasio na magamba, wenye utelezi kama sabuni, ambao hula mwani unaoota juu ya mawe na huweza kutambaa na kurukaruka juu ya mwamba ulio na unyevu. Karibu na hapo, katika matope ya mikoko, yuko samaki mwenye macho kama vifungo anayetembea nje ya maji kwa mapezi yake. Ukimfuata hukimbilia shimoni kama panya. Na ndani ya nyufa yuko mkunga, mrefu kama nyoka, ambaye hula hao wote.

Mmoja, lakini, lazima tumseme kwa uangalifu. Ni samaki wa jiwe. Yeye si mdogo. Huweza kufika sentimita 40. Amejificha vizuri kuliko wote, maana ngozi yake ina vinundu na makunyanzi, na mwani huota juu yake kama juu ya mwamba. Mgongoni ana miiba 13 yenye sumu kali. Mtu akimkanyaga, maumivu huwa makubwa mno, na wengine wamekufa. J.L.B. Smith, mtaalamu wa Afrika ya Kusini aliyechunguza samaki wa pwani ya mashariki ya Afrika, alichomwa yeye mwenyewe huko Msumbiji, akaieleza habari hiyo katika maandiko ya mwaka 1951. Huyo alikuwa mtu aliyewajua samaki kuliko wengi duniani, na jiwe likamdanganya! Ndiyo sababu nilisema mtumie kijiti, nisiseme kidole. Siku mtakapofika pwani, vaeni viatu vyenye nyayo nene mnapotembea juu ya mwamba. Aliyechomwa atie mguu katika maji ya moto, kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, maana joto huiharibu sumu hiyo. Kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Turudi kwa samaki wetu mdogo. Jike hutaga mayai yake upande wa chini wa jiwe, yameshikamana na jiwe kama shanga zilizopangwa. Akisha kutaga, dume ndiye anayebaki kuyalinda. Huyapepea kwa mapezi yake ili maji mapya yapite, na huwafukuza wenye kutaka kuyala, hata wakiwa wakubwa kuliko yeye.

Sasa maji yamekupwa, na watu wanakuja mwambani. Wakati wa bamvua, katika vijiji vingi vya pwani, akina mama na watoto hutoka na vyuma vyao na vikapu kutafuta pweza, konokono na chaza. Hiyo ni mboga ya nyumba zao, nao wana haki ya kuitafuta. Lakini mtu akilipindua jiwe ili atazame chini yake, kisha akaliacha limepinduka, mayai yaliyokuwa kivulini yamewekwa juani. Mwani uliokuwa juani umewekwa gizani. Vikiachwa hivyo, vyote viwili huweza kufa. Yule dume, aliyewadanganya ndege na kukariri mashimo yote ya mwamba, hana hila ya kulirudisha jiwe. Kulirudisha ni kazi ya mkono wa mtu, nayo haimalizi hata nusu dakika. Huko Kenya sehemu za pwani ya Malindi na Watamu zilitengwa tangu mwaka 1968 ziwe mbuga za baharini, na humo mtu haruhusiwi kuvua wala kuokota kitu. Lakini pwani ni ndefu, na mawe mengi hayana mlinzi.

Ninyi mko mbali na mwamba huo, lakini jambo la rangi mnaweza kulijaribu hapa hapa. Katika mabonde ya Beni na Butembo watu wengi wamechimba viziwa vya samaki. Nenda kwa mwenye kiziwa, umwamkie kwa heshima, umwombe akuazime vitoto vinne vya tilapia. Usivikamate bila ruhusa. Huo si uchunguzi, ni wizi. Chukua bakuli jeupe, na chungu kilichoiva masizi mpaka kikawa cheusi ndani. Tia ndani ya vyote viwili maji ya kiziwa chenyewe. Weka vitoto viwili katika kila chombo, kivulini lakini mahali penye mwanga, usivisumbue kwa muda wa saa moja. Kisha uvihamishe vyote kwa pamoja katika chombo cha tatu, na uangalie upesi, kabla havijabadilika tena. Ni vipi vilivyopauka? Ni vipi vilivyoiva rangi? Andika uliyoyaona, si uliyotaka kuyaona, na uvirudishe kiziwani vikiwa hai.

Maswali

1. Tangu maji ya bahari kujaa mpaka kujaa tena ni muda gani? Kama leo maji yamejaa saa nne asubuhi, kesho asubuhi yatajaa saa ngapi?

2. Kwa nini Ziwa Edward halijai na kukupwa kama bahari?

3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi punje za rangi zinavyofanya kazi katika ngozi ya samaki. Usitumie mfano wa uwanja wa shule. Tafuta mfano mwingine.

4. Adui gani hudanganyika kwa rangi ya samaki, na adui gani hadanganyiki? Kwa sababu gani?

5. Aronson alijuaje kwamba samaki hakuwa anabahatisha?

6. Tazama chini ya mawe ya kijito kilicho karibu na kwenu. Ni wanyama gani wanaokaa hapo? Chora mmoja wao, kisha ulirudishe jiwe kama lilivyokuwa.